Mashuka ya Wageni Hewa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Binti yangu kanipa daftari hili. Eti wasiwasi wangu niuandike humu badala ya kumpigia simu mapokezi kutwa nzima. Leo nimempigia mara chache tu. Kumuuliza kama amekula. Kumuuliza kama kile kiti chake bado kinayumba. Kumuuliza tena kama amekula, maana jibu la kwanza halikuniridhisha. Kanikatia. Haya, naandika. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeacha shule kabla shule haijamzoea, lakini nasoma mwenyewe.

Mimi ni mfuaji wa mashuka katika hoteli. Binti yuko mbele kabisa, na shati jeupe ninalompigia pasi mimi mwenyewe. Mimi niko nyuma kabisa, kwenye mabeseni. Katikati yetu ni vyumba vitupu. Uchumi umeanguka, wanasema. Umeangukia wapi sijui, ila kishindo tumekisikia sisi wa nyuma. Kwanza aliachishwa fundi wa bomba. Kisha mtandika vitanda, na tangu hapo vitanda tunatandua na kutandika sisi wafuaji, funguo zinaning'inia kiunoni kama askari jela. Kisha ikaondolewa balbu ya chooni. Nayo ilikuwa mfanyakazi mzuri tu. Haikuwahi kuomba ruhusa ya msiba.

Asubuhi Meneja katukusanya. Kaanza kwa kusema sisi ni familia moja. Nikajua kuna mtu anafukuzwa. Sikukosea! Kasema wafuaji ni wawili na kazi ni ya mmoja. Mwisho wa mwezi atabaki mwenye tija zaidi. Kila jioni atapita kutazama vikapu vya mashuka tuliyofua.

Nikampigia binti kumuuliza tija ni nini. Kasema ni kazi nyingi kutoka kwa mtu mmoja. Kumbe! Mimi nimezaa watano, nikawalea, nikafua nguo zao na za watu. Tija ninayo tangu ujana, basi tu hakuna aliyeniambia.

Meneja naye ana jambo lake. Dhiki huwaotesha watu mvi, yeye imemng'olea zote. Tangu wageni wapotee, nywele zake zimekuwa nyeusi tii kama kiatu kilichopakwa dawa. Ukisimama naye juani unaogopa zitachuruzika.

Mfuaji mwenzangu ni Mama Povu. Jina kalipata kwa sabuni anayomimina, likamkaa kwa mdomo alionao.

Nyumbani baba watoto, fundi seremala, hana oda hata moja. Anaipiga msasa meza ile ile kila siku ili mikono isisahau. Meza imebaki unene wa sahani. Kwa hiyo nyumba inasimama kwa mshahara wangu na wa binti. Mmoja ukitoka tutachechemea. Yote miwili... hapana, sisemi. Naandika tu, kama nilivyoagizwa.

Jumanne, tarehe 5

Aibu! Kikapu changu jioni kilikuwa na taulo na foronya. Hotelini alilala mgeni mmoja, naye msafi. Hata shuka hakulikunja. Kuna watu hawana huruma na wenzao.

Kikapu cha Mama Povu kimefurika. Nikashangaa. Mgeni mmoja hawezi kulalia ghorofa nzima, hata awe na jinamizi. Nikamchungulia. Lo! Anatoa mashuka safi kabatini, anayalowesha, anayafua, anayaanika, jioni anayarudisha kabatini, yapumzike. Nikamwambia, mwenzangu, hayo si safi? Kanijibu kwamba usafi hauna mwisho, na kwamba mwenye wivu asugue kisigino chake.

Meneja kapita. Kamwita Mama Povu mfano wa kuigwa katika kipindi hiki kigumu. Mimi kaniambia nijitahidi. Nijitahidi vipi? Nikamvue mlinzi shati nilifue?

Lakini nimegundua kasoro ya Mama Povu. Mashuka yake yananukia sabuni hata kabla hajayafua. Siku Meneja atakapoinamisha pua, kwisha. Mimi sitafanya udanganyifu wa namna hiyo. Mimi mashuka yangu yatakuwa machafu kweli.

Jumatano, tarehe 6

Nimeanza. Chumba namba saba.

Mtu asiyejua kazi angelifinyanga shuka kwa mikono akaondoka zake. Mfuaji hadanganyiki. Shuka lililofinyangwa lina makunyanzi tu. Lililolaliwa lina bonde. Kwa hiyo nikafunga mlango nikalala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kichwa kimegusa mto. Nikajibinua huku na huku. Upande wa miguuni nikatia vumbi la barazani. Kwenye mto mafuta ya nywele. Pembeni tone la chai.

Nilipoinuka nikamwona! Bwana mnene, analalia ubavu wa kulia, hanawi miguu, anakunywa chai kitandani kama hana mama. Nilimkasirikia kidogo.

Sikutandua hapohapo. Doa bichi halina heshima, linatoka kwa maji matupu, na Meneja ataona hakuna kazi iliyofanyika. Doa sharti lilale. Litalala leo, kesho nitalitandua.

Nimempigia binti kumuuliza kama amekula. Hajala. Nikampelekea chai iliyobaki ya bwana mnene.

Ijumaa, tarehe 8

Kazi imekolea! Vikapu vyangu vimempita Mama Povu. Meneja kasimama mbele yangu akatikisa kichwa, na nywele zile hazikutikisika. Kasema nimeamka.

Sasa nina wageni wengi. Namba nne nimemweka msichana wa chuo anayelia kila saa. Machozi nimeyapata kwa kitunguu. Namba tisa yupo mzee na mjukuu mchanga. Mjukuu nimemtengeneza kwa chai nyepesi yenye chumvi, na zaidi ya hapo sielezi. Namba saba nimemhurumia yule bwana mnene kwa upweke wake, nikamletea mke. Mke anapaka rangi ya mdomo, ile ya damu ya mzee. Nimeiazima kwenye mkoba wa binti. Sikumwambia, ana mambo mengi.

Jambo moja limenichoma. Namba kumi na tano sijaigusa, lakini leo nimekuta imelaliwa. Na imelaliwa kwa ufundi! Bonde la mtu mzima. Kwenye foronya duara jeusi, pana, kama la kichwa kilichopakwa kitu. Nikasimama nikiangalia kwa wivu. Masizi? Wino? Nikamfuata Mama Povu nikampongeza kistaarabu. Kaniambia hajafika kumi na tano tangu juma lililopita, na kama mimi nimeanza kuota mchana ni shauri yangu. Haya. Fundi hodari hataji dawa yake.

Jumamosi, tarehe 9

Vidole vimechubuka. Mgongo unaongea. Mashine ya kufulia ilikufa kabla ya uchumi, kwa hiyo ni mikono mitupu. Sijawahi kufanya kazi hivi hata ile miaka hoteli ilipokuwa inajaa watu mpaka wengine wanalala kwenye makochi. Mama Povu naye kanishtukia, anafua mapazia. Kafua mazulia. Leo nimemkuta anafua kamba ya kuanikia.

Meneja kafurahi hana mfano. Nimemsikia ofisini akimpigia Bi Mkubwa, mama mwenye hoteli. Kasema dhiki hii ni baraka, watu wawili wanafanya kazi ya watu sita, na dawa ya mfanyakazi ni woga kidogo tu, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Baada ya simu kajinyoosha akasema amechoka, anakwenda kukagua vyumba vya juu. Alikagua mpaka saa kumi. Maskini, ndiye anayebeba mzigo wa hoteli nzima.

Nilisahau kuuliza Bi Mkubwa kajibu nini.

Jumatatu, tarehe 11

Balaa! Kaja mgeni!

Mgeni wa kweli, mwenye begi na miguu miwili. Muuza bima. Binti alivyofurahi! Kamsalimia, kamsainisha, kampa ufunguo, kamwambia chumba ni kizuri, kina upepo. Namba saba.

Mimi nilikuwa ngazini na ndoo. Nikamwona anapanda. Nikataka kupaza sauti. Ningepaza ya kusema nini? Nikasikia mlango unafunguka. Kisha ukelele wa mtu mzima.

Kashuka na foronya mkononi. Kauliza hoteli gani hii inayomlaza mtu kwenye jasho la mwingine. Kasema kuna vumbi, kuna chai, na kuna midomo ya mwanamke. Meneja kaomba radhi mpaka kiuno kikalia. Kampa chumba kingine. Muuza bima kasema yeye kazi yake ni kuwaambia watu wasiingie kwenye hatari, akaondoka.

Meneja katugeukia. Nani amelala namba saba? Kitabu cha mapokezi kinasema hajalala mtu tangu mwezi uliopita. Nikasema labda panya. Mama Povu kauliza, kwa sauti ya upole kabisa, panya gani anayepaka rangi ya mdomo. Yule mwanamke ipo siku.

Jumanne, tarehe 12

Sijui nianzie wapi.

Kumbe Bi Mkubwa ile Jumamosi alijibu. Aliuliza swali moja: mashuka yakiwa mengi hivyo, wageni wako wapi, na fedha zao ziko wapi? Meneja hakuwa na jibu. Jana muuza bima kamletea. Leo kaunganisha: vitanda vinalaliwa, kitabu kitupu, fedha hazionekani. Basi kuna mtu anaingiza wageni kwa siri anatia fedha mfukoni. Na anayepokea wageni ni nani?

Kamwita mwanangu ofisini. Kamwekea foronya mezani. Kamwambia aitazame ile rangi kisha ajitazame kwenye kioo. Rangi moja! Kasema kakagua vitanda vyote, bonde la namba saba ni la bwana mnene, huyo ni nani wake. Na yule wa namba tisa mwenye mtoto mchanga anamlipaje. Kampa mpaka Ijumaa awataje wote. Ijumaa Bi Mkubwa anakuja, na polisi watakuwa nyuma yake. Kazi atapoteza, hilo dogo. Nani atampa nyingine mapokezi mtu aliyepelekwa polisi kwa wizi na kwa wanaume vyumbani?

Kalia nyumbani mpaka baba yake kaacha msasa. Ananiuliza, mama, mimi nimjulie wapi bwana mnene? Nikambembeleza. Nikamwambia bwana mnene si mtu mbaya, ana upweke tu. Akaniangalia. Nikasema nimewaza kwa sauti.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi niliufungua. Kisha nikahesabu: nikisema, natoka mimi. Nisiposema, anatoka yeye, tena kwa pingu. Mama gani anasubiri hayo? Lakini pia mama gani mwenye akili anakubali kutoka yeyote, kama kuna njia ya kubaki wote wawili?

Na njia ipo. Alhamisi ndiyo mapumziko yake. Hataonekana hotelini. Vitanda vikilaliwa siku hiyo, tena kuliko siku zote, ghorofa nzima, nani atasema ni yeye? Atasafishika mwenyewe kama shuka. Mimi nitabaki na vikapu vyangu. Sijui kwa nini watu wanasoma mpaka chuo kikuu.

Jumatano, tarehe 13

Maandalizi. Nimemwambia binti kesho aende kwa shangazi yake asubuhi na mapema, akae barazani, kila mpita njia amwone, amsalimie kwa sauti. Kauliza kwa nini. Nikasema hewa ya baraza inatuliza moyo. Kauliza rangi yake ya mdomo iko wapi. Nikasema panya.

Kanitazama muda mrefu. Ana macho ya bibi yake, yale yanayopekua.

Alhamisi, tarehe 14

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sina nguvu za kukaa.

Nilianza na ghorofa yote. Msichana wa chuo nilimliza kwa vitunguu viwili. Mzee nikamkohoza. Kitanda hiki nikaweka mabaharia, kile mtu wa kuota ndoto mbaya. Kila kitanda kulala, kujibinua, kuinuka, vumbi, chai, mlango unaofuata. Mchana nguvu zikaniishia. Hizi siku zote nimefua kuliko maisha yangu yote! Namba saba nikaiacha ya mwisho, nikajipaka rangi ya mdomo kwa ajili ya mke, nikaingia kwenye bonde la bwana mnene. Lilinipokea. Lilikuwa la kwangu hasa, ubavu wa kulia na kila kitu. Nikasema nifumbe macho kidogo tu, bonde lishike.

Mlango ukapigwa teke.

Mbele Meneja, anapiga kelele, toka wewe bwana mnene! Nyuma yake mlinzi na rungu. Nyuma ya mlinzi Mama Povu na pasi ya moto. Na nyuma yao wote, bila haraka, Bi Mkubwa mwenyewe na mkoba wake. Kaja siku moja kabla! Kumbe walikuwa wamevizia.

Nikainuka. Kiatu kimoja, vumbi mpaka magotini, midomo ya damu ya mzee. Nikawaamkia. Malezi ni malezi.

Meneja ndiye aliyepata ulimi kwanza. Akadakia kwamba sasa yote yako wazi, mama na binti wanashirikiana. Hapo ndipo kichaa kiliponipanda. Nikamwambia binti yangu amtoe mdomoni. Yuko kwa shangazi yake, barazani, muulizeni muuza mkaa, muulizeni mtaa. Mtoto hajui lolote. Bi Mkubwa kauliza, kwa upole, basi hao wageni wako wapi. Nikamwambia, mama, wageni ni mimi.

Nikaeleza. Vikapu, tija, bonde, doa kulala. Rangi ya mdomo nilivyoichukua. Nilisema yote kwa sababu nimeshachoka na kwa sababu mwanangu halali kwenye jina la wizi. Machozi yakanitoka, ya kweli safari hii, bila kitunguu. Bi Mkubwa kauliza vyumba vyote ni kazi yangu? Nikasema vyote, isipokuwa kumi na tano. Cha mtu sichukui. Ule mto wenye duara jeusi ni ufundi wa Mama Povu, na ni haki apewe sifa yake.

Mama Povu akaapa kwa wanawe kwamba hajui. Bi Mkubwa kaagiza mto uletwe. Mlinzi kaukimbilia. Kauleta, duara lipo, jipya kabisa, bado linateleza.

Bi Mkubwa akautazama mto. Akakitazama kichwa cha Meneja. Akaurudia mto. Mlinzi akapatwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje. Kulikuwa na joto pale ndani, Meneja alitoka jasho, na tone moja jeusi likamteremka polepole nyuma ya sikio mpaka kwenye kola.

Basi hapo nikashangaa. Meneja aliyekuwa ananguruma akageuka kondoo. Kasema sisi ni familia moja. Kasema mama huyu kakosea kwa bidii tu, na bidii haifukuzwi, asamehewe, yaishe, watu wasichimbechimbe. Kumbe ana moyo mzuri vile! Tunawahukumu watu bure.

Bi Mkubwa kacheka mpaka kakaa kwenye kitanda cha bwana mnene. Kisha akaacha kucheka. Kanyanyua shuka akaliweka mbele ya dirisha. Likaonyesha uwanja mzima, miti, mlinzi na kikohozi chake. Tumeyafua mpaka yamekuwa kioo. Kauliza sabuni hiyo yote ilimtajirisha nani.

Kaamua hapohapo. Binti arudi mapokezi, na Meneja amwombe radhi mbele ya wafanyakazi wote. Mama Povu abaki na mabeseni, afue kilicho kichafu tu. Meneja kuanzia kesho atandike vitanda, eti anavifahamu vizuri. Kavifahamia wapi sijui, labda ule ukaguzi wake. Mimi nisiguse kitanda cha hoteli maisha yangu yote. Nikafagie uwanja mpaka mwisho wa mwezi, halafu ataona.

Sikufukuzwa! Na mwanangu hakufukuzwa! Niache nilale.

Jumamosi, tarehe 16

Jana Meneja kamwomba radhi binti. Kaongea haraka sana na akiwa na kofia.

Binti hakunisemesha jana nzima. Nilimpigia kumuuliza kama amekula, akaweka simu juu ya meza nikasikiliza hoteli ikinyamaza. Inauma kuliko kufukuzwa.

Leo jioni kaja jikoni, kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanishika vidole vyangu vilivyochubuka. Kasema, mama, niangalie. Nikamwangalia. Kasema nusura afungwe kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Kaniambia niape. Nikaapa, mkono juu, kwamba sitalichafua shuka safi tena mpaka naingia kaburini, na huko nitalala bila kujibinua.

Kisha kauliza, yule msichana wa namba nne alikuwa analilia nini? Nikamwambia alifeli mtihani na hakujua atamwambiaje mama yake. Akasema, maskini. Tukacheka mpaka baba yake kaja kuuliza kama kuna oda.

Rangi ya mdomo nimemrudishia. Kasema nikae nayo.

Jumatatu, tarehe 18

Kazi mpya. Uwanja, ufagio, toroli.

Nimejifunza mengi, na leo nimeingia kazini nikiwa mtu mwingine. Nimefagia kwa haki. Kila kona. Lakini hoteli isiyo na wageni haina hata kipande cha karatasi. Jioni toroli langu lilikuwa na jani, kizibo cha chupa na mende aliyekufa kifo chake mwenyewe.

Mlinzi naye kapewa ufagio, upande wa lango. Toroli lake limejaa pomoni. Nimemfuatilia. Anazoa majani ya jirani kupitia tundu la ukuta! Mtu mzima na rungu lake! Kanifunulia kwamba Bi Mkubwa kasema wafagiaji ni wawili na kazi ni ya mmoja, mwisho wa mwezi atatazama matoroli.

Mimi siibi majani ya watu. Tuna mti wetu wenyewe, katikati ya uwanja, mkubwa, majani tele. Umeyakumbatia yote. Haudondoshi hata moja. Nimekaa chini yake mchana nikiutazama, nikaona ubinafsi wake.

Binti kaniapisha habari ya mashuka. Mti hakuutaja.

Baba watoto nimempa oda ya ngazi. Kafurahi mno, ameshaanza kuipiga msasa. Nimemwambia aiache na unene kidogo, nitaipanda mimi. Nitautikisa taratibu tu. Hata upepo ungefanya hivyohivyo, kama nao ungekuwa na watoto.